Frankie na Johnny: Mapenzi ya Wapweke Wawili wa Mgahawani na Mzozo juu ya Sura ya Mwanamke

Usiku wa tarehe 25 Machi 1991, katika ukumbi wa Shrine mjini Los Angeles, mbele ya hadhara ya watu waliovaa wakapendeza na mbele ya mamilioni waliokuwa wakitazama televisheni majumbani mwao, lilitajwa jina la Kathy Bates, mwigizaji wa umri wa miaka 42, naye akainuka kwenda kupokea tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike, kwa kazi aliyoifanya katika filamu ya Misery, ambamo aliigiza muuguzi aliyempenda mwandishi mmoja wa riwaya kwa mapenzi ya wazimu, mapenzi ya kumfungia mtu ndani na kumvunja miguu asipate kutoroka.

Ilikuwa heshima kubwa, na mwenyewe aliistahili. Lakini katika mwaka huo huo filamu nyingine ilikuwa ikitengenezwa, na ndani yake nafasi ya mhudumu wa mgahawa aitwaye Frankie, ambayo Bates alikuwa ameiumba jukwaani mjini New York miaka minne kabla, ikapewa mwanamke mwingine, Michelle Pfeiffer, aliyekuwa akihesabiwa katika zama zile miongoni mwa wanawake wa jamali kubwa kabisa katika sinema ya dunia.

Hapo ndipo ulipozuka mzozo ambao, ijapokuwa filamu hiyo imekwisha kuwa ya zamani, haujapoa kwa wale wanaozijali sanaa hizi mbili za jukwaa na sinema. Nimetakiwa na dawati la makala niuchungue: je, ilikuwa haki kisa cha watu wa kawaida, waliochoka na kuachwa nyuma na mapenzi, kipewe nyuso ambazo ulimwengu umekwisha kuziabudu? Na ikiwa haikuwa haki, je, filamu yenyewe iliharibika kwa sababu hiyo?

> Hollywood ilikuwa radhi kumwona Kathy Bates akitisha. Haikuwa radhi kumwona akipendwa.

Kisa chenyewe

Filamu hiyo, Frankie and Johnny, iliyotolewa na kampuni ya Paramount mwezi Oktoba 1991 chini ya mwongozaji Garry Marshall, inaanza kwa safari mbili zisizojuana. Johnny, mwanamume wa makamo anayeigizwa na Al Pacino, anatoka gerezani alikotumikia kifungo kwa kosa la kughushi, akiwa amejipatia humo fani moja ya halali, nayo ni upishi. Frankie yumo katika basi akielekea Altoona, mji wa kwao katika jimbo la Pennsylvania, kuhudhuria ubatizo wa mtoto ambaye yeye ni mama yake wa ubatizo.

Njia zao zinakutana katika mgahawa wa Apollo, jijini New York, kwa Mgiriki mmoja aitwaye Nick, mwenye maneno mengi na moyo mwema kuliko maneno yake, anayeigizwa na Hector Elizondo. Johnny anashika bamba la kukaangia mayai na nyama. Frankie anapokea oda, anazitangaza jikoni, anabeba sahani, anarudi tena. Haupiti muda mrefu Johnny anakata shauri moyoni kwamba mwanamke wake ndiye huyu, na Frankie naye anakata shauri lake, kwamba mlango wake utabaki umefungwa.

Jioni, kazi ikiisha, Frankie anarejea katika chumba chake cha kupanga ghorofani, alikonunua deki ya video iwe mwenzi wa usiku wake, na ambako dirisha lake linamwonyesha maisha ya majirani wa ng'ambo ya pili, akiwamo mwanamke anayepigwa na mumewe. Anamtazama mwanamke yule kwa jicho la mtu anayelijua jambo analolitazama. Mwenye kumtegea sikio ni jirani yake Tim, anayeigizwa na Nathan Lane, mwanamume anayeishi na mwanamume mwenzake, na ambaye ucheshi wake kwa Frankie ni sadaka ya kila siku.

Kisha kinafuata kipindi kirefu cha kusogeleana na kukimbiana. Kuna busu lao la kwanza la kweli, katika mtaa wa wauza maua usiku wa manane, ambapo mlango wa nyuma wa lori unafunguliwa wakati huo huo na shehena yote ya maua ikajitokeza nyuma yao; ni tendo la kisinema tupu, na wapo walioliona kuwa limezidi kiasi, ila mimi naliona kuwa sadaka ya haki kwa watu wawili ambao siku zao zote zimejaa harufu ya mafuta ya kukaangia.

Na kuna siri ya Frankie, ambayo hatuelezwi mpaka usiku wa mwisho: kwamba mwanamume aliyeishi naye zamani alimpiga hata mimba yake ikaharibika, na kwa mapigo yale akapoteza uwezo wa kuzaa. Johnny, ambaye kila mara amekuwa akitaja ndoa na watoto pasipo kujua anapokanyaga, analisikia jambo hilo kwa uso wa mtu aliyegundua kwamba mlango aliokuwa akiupiga kwa kishindo ulikuwa wa chumba cha mgonjwa.

Tamthilia iliyotangulia

Kabla ya filamu palikuwa na tamthilia, na bila ya kuijua tamthilia hiyo mzozo wenyewe haufahamiki. Mwandishi wake ni Terrence McNally, aliyezaliwa Florida mwaka 1938 na kukulia Corpus Christi, Texas, na aliyefariki mwezi Machi 2020 kwa maradhi ya UVIKO, akiwa na miaka 81, baada ya kuandikia jukwaa la Marekani kwa zaidi ya nusu karne. Aliiita Frankie and Johnny in the Clair de Lune, akichanganya jina la wimbo wa kale wa Kimarekani, ambao ndani yake Frankie anamuua Johnny mpenzi wake kwa kukosa uaminifu, na jina la kipande cha piano cha Mfaransa Claude Debussy kinachosifu mbalamwezi.

Ilionyeshwa kwanza mwaka 1987 katika Manhattan Theatre Club, kisha ikahamia Westside Theatre, na kwa jumla ikachezwa zaidi ya mara 500. Mna watu wawili tu na chumba kimoja, kwa usiku mmoja. Mgahawa wanakofanya kazi hauonekani, unatajwa tu. Wawili hao wamekwisha kulala pamoja pazia linapofunguliwa, na kisa chote ni mabishano ya saa zilizobaki mpaka alfajiri: Frankie anataka mgeni wake aondoke, na Johnny anataka wasiachane tena.

Yafaa kukumbuka ulikuwa mwaka gani. UKIMWI ulikuwa ukiwafyeka vijana na watu wazima wa New York, na jumuiya ya watu wa maigizo ilikuwa ikizika wenzao kila juma. Mwigizaji na mwongozaji Robert Drivas, aliyekuwa mwandani wa McNally kwa miaka kadhaa, alikuwa amefariki kwa maradhi hayo mwaka 1986. Katika mji ambao kukaribiana miili kumekuwa hatari, na mtu aliyepita miaka arobaini akiwa peke yake amekwisha kujizoesha kujitosheleza, McNally aliuliza kama ingaliko njia ya mtu mmoja kumfikia mwingine baada ya mwili kukidhiwa. Ndiyo maana tamthilia inaanzia mahali ambapo visa vingi vya mapenzi huishia.

Nafasi ya Frankie aliicheza Kathy Bates, na nafasi ya Johnny ikachezwa kwanza na F. Murray Abraham, kisha na Kenneth Welsh. Bates alitunukiwa tuzo ya Obie. Waliokuwa wakiketi ukumbini waliona mbele yao mwanamke mnene, asiye na pambo, akiwa kitandani mwake, akila, akicheka, akiogopa, akitamaniwa. Na kuona mwanamke wa namna hiyo akitamaniwa, bila ya mtu yeyote kumcheka, lilikuwa jambo geni hata katika mji uliojiona umekwisha kuona yote.

Ujira wa tabasamu

Filamu ilipotengenezwa, McNally mwenyewe ndiye aliyeandika mswada wake, na jambo kubwa alilolifanya lilikuwa kuubomoa ukuta wa kile chumba kimoja na kutuingiza mgahawani. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu wengi walioijadili filamu hii waliupita mgahawa mbio kama mapambo ya nyuma, ilhali kwa maoni yangu ndio roho yake.

Mgahawa ni mahali pa ajabu kwa mpweke. Hakuna kazi inayomkutanisha mtu na wanadamu wengi zaidi kwa siku moja, wala hakuna inayomwacha akiwa amejulikana na wachache zaidi. Mhudumu anajua nani hutaka kahawa bila maziwa na nani hutaka yai lisiive sana. Anajua nani ameachwa na mkewe na nani amepata mjukuu. Naye mwenyewe, kwa wale anaowajua hivyo, ni mkono unaoleta sahani.

Isitoshe, tabasamu lake ni sehemu ya ujira. Tarehe 1 Aprili mwaka huo wa 1991 kima cha chini cha mshahara kwa sheria ya serikali kuu ya Marekani kilipandishwa kuwa dola 4.25 kwa saa, lakini mwajiri wa mtu apokeaye bakshishi aliruhusiwa kumlipa takriban nusu yake tu, yaani dola 2.13, na kilichosalia kikatarajiwa kutoka katika hisani ya wateja. Majimbo mengi, New York likiwa mojawapo, yameweka viwango vyao vilivyo juu zaidi. Lakini kiwango hicho cha dola 2.13, katika sheria ya serikali kuu, hakijapandishwa tangu mwaka ule.

Maana yake ni nini kwa mwanamke kama Frankie? Ni kwamba uso wake ni chombo cha kazi. Analipwa kwa kuonekana mchangamfu, na anapokwisha kuonekana mchangamfu kwa saa nane au kumi za kusimama, hana tena uso wa kumpa mtu. Mwanamume anapomwambia kwamba yeye ni mzuri, sikio lake, lililozoea kuyasikia maneno kama hayo yakisindikizwa na sarafu mezani, halina namna ya kupambanua iwapo safari hii ni kweli.

> Analipwa kwa kuonekana mchangamfu, na anapotoka kazini hana tena uso wa kumpa mtu.

Na humo mgahawani wamo wengine wa hali yake. Yumo Cora, mhudumu mwenye ulimi mkali na mwili asioufichia haja zake, ambaye Johnny anamwendea usiku mmoja kabla ya kumpata Frankie. Ameigizwa na Kate Nelligan kwa ustadi uliomletea tuzo ya BAFTA ya mwigizaji bora msaidizi wa kike. Yumo Nedda, anayeigizwa na Jane Morris, mtaratibu, mwenye haya, ambaye hakuna anayemuuliza jioni anakwenda wapi.

Na alikuwamo Helen, mhudumu mzee wa siku nyingi, anayefariki mapema katika kisa. Wahudumu wenzake wanakwenda kumuaga na kukuta mahali penyewe karibu patupu: mwanamke aliyewalisha maelfu kwa mikono yake hana wa kumsindikiza ila wale aliokuwa akifunga nao aproni. Hakuna hotuba inayotolewa juu ya jambo hilo. Frankie anatazama tu, na mtazamaji anaelewa tangu hapo kwamba hofu ya mwanamke huyu ina pande mbili, hofu ya kupigwa tena akifungua mlango na hofu ya kufa kama Helen akiufunga, na kwamba mchezo wote utakuwa juu ya ipi kati ya hofu hizo itaishinda nyingine.

Walionung'unika

Basi turejee katika mzozo. Walionung'unika hawakuwa na chuki na Michelle Pfeiffer, ambaye kwa wakati ule alikuwa amekwisha kuteuliwa mara mbili kugombea Oscar, kwa Dangerous Liaisons na kwa The Fabulous Baker Boys, wala hakuna aliyekikana kipaji chake. Hoja yao ilikuwa hii: McNally aliandika juu ya watu wasiotazamwa, ukimweka mbele ya kamera mwanamke ambaye hakuna awezaye kuacha kumtazama, umekwisha kuyafuta yaliyoandikwa kabla ya neno la kwanza kutamkwa.

Mwanamke wa uso ule, walisema, hawezi kuaminika anapodai kwamba ameketi peke yake kila usiku kwa kukosa wa kumbisha hodi. Na Pacino, pamoja na umri na mikunjo yake, alikuwa Pacino wa The Godfather. Tena wawili hao walikwisha kuonekana pamoja mwaka 1983 katika Scarface, wakiwa wamezungukwa na dhahabu na marumaru, na kumbukumbu hiyo haikuwasaidia kuonekana mpishi na mhudumu.

Lakini nguvu ya manung'uniko yale ilitoka katika jambo lililokuwa pana kuliko filamu moja. Hii haikuwa mara ya kwanza kwa Bates. Aliigiza katika Crimes of the Heart ilipozaliwa jukwaani huko Louisville, na ilipofika sinema mwaka 1986 nafasi yake akaipata Diane Keaton. Aliigiza 'night, Mother huko Broadway mwaka 1983 akawatoa watu machozi, na filamu yake ilipotoka, pia mwaka 1986, nafasi ikawa ya Sissy Spacek. Frankie alikuwa wa tatu.

Mara moja yaweza kuitwa bahati mbaya. Mara tatu ni desturi, na desturi hiyo inasema kwamba mwanamke wa umbo na wajihi wa kawaida aruhusiwe kuufungua udongo, kupanda na kupalilia, ila siku ya kuvuna aitwe mwingine. Wanaotazama sinema, ambao wengi wao wana nyuso zinazofanana na ya Bates kuliko na ya Pfeiffer, wanafundishwa pole pole, bila ya kuambiwa, kwamba mapenzi ni mali ya wazuri na kwamba wao wamealikwa kuja kuyashuhudia tu.

Waliotetea

Upande wa pili nao ulikuwa na hoja zisizopaswa kudharauliwa. Kwanza, McNally mwenyewe aliuandika mswada, na katika kuuandika alipunguza umri wa Frankie na kuliweka jeraha lake wazi zaidi. Ikiwa mwenye kisa amekibadili, mtazamaji hana budi kukihukumu kama kilivyo sasa.

Pili, na hii ndiyo iliyonigusa mimi zaidi, ni nani aliyesema kwamba uzuri ni kinga ya upweke? Mwanamke aliyepigwa na mwanamume aliyempenda hapati faraja kutoka kwa kioo. Pengine hata huuchukia uso wake, maana ndio uliomvuta mpigaji. Pfeiffer, aliyeingia katika sare ya mgahawa bila ya pambo, nywele zimefungwa ovyo, mabega yakiwa yameinuka kama ya mtu anayengoja kofi, aliigiza mwanamke ambaye uzuri wake umekuwa mzigo aliouweka chini na hataki kuulizwa ulipo. Alipoteuliwa kugombea tuzo ya Golden Globe, sidhani kama kuna aliyeweza kusema hakustahili.

Tatu, waliutaja ufundi wenyewe wa uigizaji. Kate Nelligan, katika mwaka huo huo wa 1991, alionekana katika The Prince of Tides akiwa mama mwenye majivuno ya kitajiri, na kazi ile ikamfanya ateuliwe kugombea Oscar. Anayemtazama huko kisha akamtazama Cora wa mgahawa wa Apollo hawezi kuamini kwamba ni mtu mmoja. Ikiwa Nelligan aliweza kujigeuza, walihoji, kwa nini Pfeiffer akatazwe?

Na Marshall, mwongozaji, alikuwa na tabia yake inayojulikana. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameongoza Pretty Woman, iliyoingiza zaidi ya dola milioni 170 nchini Marekani peke yake, nayo ni hekaya tupu ya binti wa mtaani aliyeokolewa na tajiri. Aliyemkabidhi mtu wa namna hiyo tamthilia ya McNally alijua kwamba atarejeshewa kitu kitamu zaidi na chenye mwanga zaidi. Fedha, hata hivyo, hazikumfuata safari hii, maana Frankie and Johnny iliambulia kiasi cha dola milioni 22 tu nchini humo.

Mwanamume asiyesikia la

Katika miaka ya karibuni limezuka swali jingine ambalo mwaka 1991 wachache waliliuliza, na kwangu ni zito kuliko lile la sura. Johnny hasikii la. Anaombwa anyamaze, anaendelea kusema. Anaombwa aende, anabaki. Anatangaza mapenzi kabla ya kujua lolote la mwanamke anayemtangazia. Filamu inatutaka tuyaone hayo kuwa mahaba ya mtu aliyepoteza miaka gerezani na asiye na siku ya kupoteza tena. Mwanamke aliyewahi kufuatwa hivyo na mwanamume asiyemtaka hatayaona vivyo hivyo, na ana haki.

Tamthilia iliporejeshwa Broadway mwaka 2019, katika ukumbi wa Broadhurst, ikiongozwa na Arin Arbus na kuigizwa na Audra McDonald na Michael Shannon, waandalizi walimweka Claire Warden kuwa mwelekezi wa matendo ya faragha jukwaani, kazi ambayo kabla yake haikuwa imepata kutajwa katika mchezo wa Broadway. Jambo hilo lenyewe laonyesha jinsi nyakati zilivyobadilika, kwamba watu walitaka hakika ya ridhaa ya waigizaji wenyewe kabla ya kuutazama mchezo unaohusu ridhaa tangu mwanzo hadi mwisho.

Nimelipima jambo hili na naona kwamba filamu ina kosa hapa. Mvuto wa Pacino unalainisha mambo ambayo yangepaswa kutukereketa, na muziki wa Marvin Hamlisch unatubembeleza mahali ambapo kimya kingetufaa zaidi. Frankie anapomwambia Johnny kwamba anamtisha, kamera ingelikaa juu ya uso wa Johnny kwa muda mrefu zaidi, tukaona kama amesikia.

Lakini hukumu ya insafu haina budi kutaja pia linaloiokoa. Johnny naye anaonyeshwa akiwa na aibu zake: anakwenda kuwatazama watoto wake kwa mbali, waliokwisha kupata baba mwingine, na hathubutu kuwasogelea, mtu anayeropoka mbele ya mwanamke ananyamaza mbele ya damu yake. Na usiku wa mwisho, baada ya kumpigia simu mtangazaji wa redio na kumwomba awachezee muziki, hana tena hoja ya kutoa. Ameishiwa. Debussy anapoanza kusikika, kamera inapita katika vyumba vya wapweke wengine wa kisa hiki, na uamuzi unabaki mikononi mwa Frankie peke yake. Anayeamua mwishoni ni yeye, kwa wakati wake, naye Johnny anangoja.

> Usiku wa mwisho Johnny ameishiwa na maneno, na anayeamua ni Frankie.

Hukumu

Baada ya kuzisikiliza pande zote, naona kwamba walionung'unika na waliotetea walikuwa wakibishana juu ya mambo mawili tofauti, na kila upande ulikuwa na haki katika lake. Kathy Bates alidhulumiwa. Hilo halifutwi na Oscar yake wala na uzuri wa kazi ya aliyemfuata, na tasnia iliyofanya hivyo mara tatu kwa mwigizaji mmoja iliwapora watazamaji wake sura zao wenyewe.

Filamu nayo ni njema, na Pfeiffer ndani yake ni mkweli kuliko alivyopata kuwa kabla yake, kwa sababu alifahamu kwamba upweke wa Frankie hautoki katika kukosa wa kumtamani, unatoka katika kumwogopa kila anayemtamani. Udhaifu mkubwa wa filamu ni Johnny asiyekemewa vya kutosha. Utajiri wake mkubwa ni mgahawa wa Apollo na wale wahudumu watatu waliosimama penye maziko ya wa nne.

Msomaji atakayeitafuta filamu hii aitazame kwa ajili ya Nelligan na kwa ajili ya Helen, ambao hawakuwekwa katika bango lake. Na kwa viongozi wa vikundi vyetu vya maigizo nina ombi. Tamthilia ya McNally haidai fedha nyingi: watu wawili, kitanda, jiko na redio vinatosha, na mambo yake ya faragha yanaweza kuonyeshwa kwa staha bila ya kupunguziwa ukweli. Ipate mfasiri mwenye lugha, ichezwe kwa Kiswahili, na nafasi ya Frankie apewe mwanamke wa makamo ambaye watazamaji, wakimwona, watadhani wamewahi kuhudumiwa naye chai.